Hamira Iliyopasukia Kwenye Gari la Watu

Ngoja niwaambie mwenyewe kabla hamjanisikia kwa wengine, maana pale Al Wukair tunapokaa kila chumba kina namna yake ya kukisimulia kisa hiki, na katika namna zote mimi natoka mjinga kuliko nilivyokuwa, ingawa nikijipima kwa haki tofauti si kubwa: nilisimama kwenye jua la Doha mwezi wa Juni, mbele ya Wakenya waliovaa nguo zao za Ijumaa, maji ya hamira yakinitiririka masikioni, nikimweleza mlinzi wa geti jinsi seli inavyojenga ukuta wake, na mlinzi hakuwa ameniuliza.

Mimi pia ni mlinzi. Nasimama mapokezi ya jengo moja la watu wenye nafasi kule The Pearl, kazi yangu kufungua mlango na kusema habari za asubuhi, na kwa kuwa mwili ulikuwa kazini na kichwa hakina la kufanya, nikaanza kujisomea biolojia kwenye simu, video za bure, makala za bure, kamusi pembeni. Chuo sikwenda. Kutokana na hilo nina hofu moja ambayo hainitoki, kwamba siku moja nitasema kitu mbele ya mtu aliyesoma kweli naye atatabasamu kidogo. Kwa hiyo nikijifunza jambo nalikariri, nalihakiki, nalihakiki tena, na nikimjibu mtu swali halafu nigundue nimekosea neno moja, namtumia ujumbe wa sauti wa kusahihisha hata kama yeye keshasahau aliuliza nini. (Otieno wa kitanda cha juu alinizuia kwenye simu yake kwa sababu hiyo. Tunalala chumba kimoja.)

Katika kusoma huko nikaiangukia hamira, hii hii ya mandazi. Nilikuwa nadhani ni unga. Kumbe kila chembe ni kiumbe, seli moja inayojitegemea, na hiyo seli ndani yake imejaa msukumo kama tairi lililopigwa upepo: kuna ngozi nyembamba ndani, hiyo ndiyo tyubu, na nje kuna ukuta mgumu, huo ndio tairi lenyewe, na bila ukuta tyubu inapasuka mara moja. Ukuta umefumwa kwa nyuzi za sukari ziitwazo glukani, ukaongezewa kitini kidogo, jamii ya kile kilichomo kwenye gamba la kaa, na juu ukapakwa protini zenye sukari. Kila uzi una jeni yake inayotoa maelekezo ya kuufuma. Na jambo lililonifanya nisahau kumfungulia mkaazi mmoja mlango ni hili: ukiiharibu jeni ya kufuma glukani, seli haifi hapo hapo. Kuna vihisio vinavyosikia ukuta umelegea, vinapeleka habari ndani, jeni pacha iliyokuwa imelala inaamshwa, kitini kinaongezwa haraka haraka, kama fundi aliyeishiwa matofali akaziba kwa mabati. Kitu kidogo kuliko vumbi, kinaogopa kupasuka na kina mpango. Mimi naogopa kila kitu na sina mpango wowote. Nikaipenda.

Sasa, Dada Wanjiru. Yeye ni muuguzi, ndiye anayetukusanya Wakenya Ijumaa moja moja kwenye ukumbi fulani, mtu anafundisha anachojua, huyu kuweka akiba, yule kuandika barua za kazi. Akaniambia, "Mutua, hiyo hadithi yako ya hamira uliyonipigia kwenye foleni ya benki, njoo uwapigie watu wote."

Nikamwambia sijasoma.

"Nani amekuuliza cheti? Tena uwaonyeshe kitu, watu wakiona wanaamka."

Uwaonyeshe kitu. Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza. Nilikuwa na hadubini ndogo ya plastiki, ya watoto, niliyoifunga kwenye simu kwa mpira, na kwa bahati nzuri ukiitega vizuri unaiona hamira ikichipua, kijiseli kidogo kinatokeza ubavuni mwa kikubwa. Nikataka watu waone vichipukizi, maana hapo ndipo penye utamu wa ukuta: ili seli izae lazima iulegeze ukuta wake yenyewe, mahali pamoja tu, kwa kipimo, la sivyo ama inapasuka ama haizai kamwe. Nilikuwa nimeikariri sentensi hiyo kama sala. Lakini vichipukizi vinataka hamira iliyoshiba, inayofanya kazi. Kwa hiyo Alhamisi nikachukua chupa ya kioo, nikatia maji ya uvuguvugu, hamira na asali ya tende, mdomoni nikaziba kwa pamba ili hewa ipite. Ilikuwa sawa kabisa. Laiti ningeiacha hivyo.

Wa kunipeleka alikuwa Bashir. Bashir ni Mganda wa Jinja, dereva wa familia moja ya Al Wakrah, rafiki yangu wa kwanza hapa (alinikuta uwanja wa ndege nikilia kimya kimya karibu na mashine ya maji, akanipa karanga, hakuuliza). Ijumaa ile alikuwa na gari kwa sababu jioni yake alitakiwa kumchukua Nura, binti mdogo wa Mama, yaani mwajiri wake, kutoka kwa bibi yake. Kunibeba mimi njiani haikuwa ruhusa, ilikuwa hisani. Na Bashir kazi ile ndiyo inayowasomesha wadogo zake wote. Anaposema "gari" anashusha sauti kidogo, kama mtu anayetaja mgonjwa.

Nilipoingia na chupa akaitazama kwenye kioo.

"Hiyo ni nini?"

"Hamira na asali ya tende."

"Itamwagika?"

Ndipo hofu ikanishika. Nikaviona viti vile, rangi ya maziwa, nikaiona pamba ikichomoka kwenye tuta na maji ya tende yakitambaa. Kifuniko cha chupa kilikuwa mfukoni, kile cha chuma chenye kibano. Nikajiambia ni mwendo mfupi tu. Nikatoa pamba, nikafunga, nikabana, nikajaribu kwa kidole, nikabana zaidi. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaiweka chupa kwenye kiti cha Nura, kile kiti cha mtoto cha nyuma, nikaifunga mkanda.

Bashir akacheka. "Wewe mtu, umeleta mtoto?"

"Yuko salama," nikasema. Nilisema hivyo.

Tukapita msikitini, Al Wukair hapo hapo, maana muda wa swala ulikuwa umefika. Bashir alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama. Akazima gari, akafunga, mimi nikakaa nje kwenye kivuli cha ukuta nikirudia hotuba yangu kwa kunong'ona, kila nikifika kwenye "kwa kipimo" natua kama mwalimu. Mnaijua Juni ya hapa. Gari lililozimwa juani linakuwa tanuri. Na hamira kwenye joto, ikiwa na sukari, inakula na kupumua kwa fujo, na kila inapopumua inatoa gesi, na gesi inataka mlango. Haya yote nilikuwa nayajua. Ningeulizwa kwenye mtihani ningepata alama zote. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwenye gari nikikariri habari za seli inayojua kulegeza ukuta wake, na mle ndani nilikuwa nimeipa chupa ukuta usiojua kulegea.

Bashir alirudi amechangamka, tukaondoka, kiyoyozi kikaanza kuvuma. Nilisikia chupa inalia kidogo, mlio mwembamba kama wa mbu. Nikadhani ni feni. (Sikudhani ni feni. Nilijua. Ila nilikuwa naogopa kuifungua ikamwagika, nikasema tukifika, tukifika.)

Tulifika. Tulikuwa kwenye geti la maegesho ya ukumbi, magari mbele, magari nyuma, Dada Wanjiru mlangoni na gauni la kitenge akinipungia mkono, watu wamejaa kwenye ngazi kivulini. Mlinzi akaja upande wa Bashir, kioo kikashushwa.

Ikapasuka.

Sitaweza kuwaeleza mlio ule ndani ya gari. Bashir alikanyaga breki ingawa tulikuwa tumesimama. Povu lilipiga dari, likarudi, likanishukia kichwani na shingoni, kwenye hotuba, kwenye hadubini, kwenye viti vya maziwa, na kwenye bega la kanzu ya Bashir. Nikageuka. Kiti cha Nura kilikuwa kimejaa vioo. Kimoja kirefu kilikuwa kimesimama wima pale ambapo mtoto huweka shingo.

Nilikitazama kile kioo. Gari lile lilikuwa linakwenda kumchukua yule mtoto. Kama tungechelewa swala, kama foleni ingekuwa ndefu, kama Mama angebadilisha saa, kama ningemwambia Bashir nitunzie chupa hapo, nakuja. Mpaka leo nikifumba macho nakiona kile kioo.

Halafu harufu ikatoka dirishani. Mnaijua harufu ya hamira iliyolala na tende. Mlinzi akavuta pua, akarudi nyuma hatua moja, na sura yake ikabadilika, na mimi niliielewa sura ile kwa sababu ni sura yangu ya kazi. Najua tunachofundishwa: tenga eneo, usiguse, piga simu kwa msimamizi. Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshapiga.

"Pombe?" akauliza kwa Kiingereza. "Ndani ya gari, pombe?"

Hapo mtu mwenye akili angesema hapana, ni ya kuokea mikate, samahani. Mimi nikafungua mlango, nikashuka nikichuruzika, na hofu ikanifungua kinywa kama bomba. Nikamwambia ni seli. Nikamwambia zina ukuta. Nikamwambia habari za tairi na tyubu, jeni moja ikiharibika pacha wake anaamka, na kwamba zinaongeza glukani kwenye shingo ya kichipukizi, halafu (Mungu nisaidie) nikainua kidole nikasema, "Samahani, si glukani, pale shingoni ni kitini." Nyuma magari yanapiga honi. Mtu mmoja kwenye ngazi akapiga makofi.

"Prof! Endelea, tunaandika!"

"Aki huyu ndiye mwalimu wa leo? Mbona amekuja na bia?"

"Si bia, ni practical!"

Dada Wanjiru alikuja mbio na viatu mkononi. Alimwambia mlinzi, "Kaka, huyu ni mgeni wetu, hii ni hamira tu ya mkate, angalia," na kwa kweli pakiti tupu ya hamira niliyokuja nayo ilikuwa imenata kwenye shati langu. Mlinzi aliitazama pakiti, akanitazama mimi, akaitazama foleni ya magari. Akasema rudini, hapa hamwingii. Lakini kabla ya kuinua chuma cha getini ili tutoke alitoa simu yake, akaipiga picha namba ya gari.

Bashir aliiona ile picha ikipigwa. Akaendesha mpaka penye kibanda cha maji, akasimama, tukaanza kuokota vioo kwa tishu. Nikajikata, nikawa naogopa na damu pia isiguse kiti. Tukamwaga maji, harufu ikaongezeka. Nikakumbuka nina marashi mkobani, nikapulizia. Sasa gari likanuka kama harusi iliyoharibika.

"Tutasema ni juisi," nikamwambia. "Juisi ya tende. Kwani si tende?"

Bashir alikuwa akisugua bega la kanzu. Akauliza bila kunitazama, "Mutua. Ile kitu, yule mlinzi alisema pombe. Iko pombe ndani?"

Mnielewe hapa. Kwa muda wote ule nilikuwa nimemweleza Bashir kila kitu kuhusu hamira, mpaka rangi ya pakiti iliyo bora. Nilimweleza ukuta, nyuzi, vihisio. Jambo moja tu sikumwambia, kwamba hamira ikila sukari mahali pasipo hewa haitoi gesi peke yake. Nilijua. Nililiruka kwa sababu nilijua asingenibeba, na nilitaka sana kwenda kuonekana ninajua.

"Kidogo," nikasema. "Ni usiku mmoja tu. Kidogo sana. Lakini ipo."

Alitazama kanzu yake. Alikuwa ametoka kuswali nayo. Akaivua palepale, akabaki na fulana, akaikunja taratibu akaiweka kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Twende kwa Mama, kabla picha haijafika."

Njia ya kwenda Al Wakrah sikumbuki chochote isipokuwa jasho. Nilikuwa nahesabu maneno ya kusema, nayapanga, nayasahihisha. Tulimkuta Mama kwa bibi yake Nura; alitoka getini amemshika Nura mkono, na nyuma yake bibi mmoja mfupi anayetembelea fimbo, mama yake Mama, ambaye ndiye mwenye nyumba ile. Nura alikimbilia mlango wa gari. Bashir alimdaka kabla hajaufikia, kwa nguvu, mtoto akashangaa. Mama akauona mshtuko ule kabla ya kuona kitu kingine chochote.

"Bashir, kuna nini?"

"Kosa langu, Mama. Nilibeba mtu."

Yote aliyoyabeba yakaingia kwenye maneno hayo mawili, kubeba mtu, na mtu mwenyewe mimi nimesimama pembeni nimekauka sukari nywele zimesimama kama miiba. Mama akafungua mlango. Harufu ikamkumba. Akaniuliza mimi, kwa Kiingereza cha polepole, kile cha mtu anayeshikilia hasira isimponyoke, "Hii ni nini kwenye kiti cha binti yangu?"

Juisi, kichwa kikasema. Sema juisi.

Yule bibi alikuwa amesogea, akaingiza kichwa garini, akanusa dari, akanusa kiti, akatoka akasema maneno mengi kwa Kiarabu huku akinionyeshea fimbo. Mama akamsikiliza. "Mama yangu anasema ni unga wa mkate ulioachwa juani," akasema. "Anasema unga ukifika hapo yeye humwaga, kwa sababu umeanza kulewesha. Ni kweli?"

Nikahisi Bashir anakanyaga mguu wangu. Sijui mpaka leo kama alitaka nikane au nikubali. Nimemwuliza, anasema alikuwa anajipanga asianguke.

"Ni kweli," nikasema. "Kidogo. Si ya kunywa, ni ya kuangalia kwa hadubini, lakini ni kweli."

Mama akamgeukia Bashir. "Ulijua?"

Bashir akafungua mdomo, na niliona kabisa kwamba hataki kunitupa. Nikamwahi. "Hakujua, Mama. Aliniuliza ni nini nikamjibu nusu. Mimi nilijua kwamba ina kilevi, nilijua itatoa gesi kwenye joto, na mimi ndiye niliyefunga kifuniko. Yeye alikuwa msikitini." Sikuweka glukani. Sikusahihisha chochote. Ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa na ndiyo pekee ambayo sikuikariri.

Nura akauliza kama kiti chake kimevunjika. Mama akamwambia Bashir gari lisafishwe lote, viti vitolewe, kile cha mtoto kitupwe, na Jumapili, siku ya kwanza ya wiki hapa, ampeleke Nura shule kama kawaida. Kama kawaida! Bashir alipumua mpaka nikasikia. Kisha Mama akaniangalia mimi. "Na wewe hutapanda gari langu tena."

"Sitapanda, Mama."

Bibi akaongeza jambo, Mama akakaribia kucheka, akajizuia. Baadaye Bashir alinitafsiria tulipokuwa tunasugua dari kwa maji na siki: alisema asali ya tende ilikuwa nyingi mno.

Dada Wanjiru aliniletea ujumbe wa sauti, nyuma watu wanacheka. Walingoja, wakaimba, wakaenda nyumbani, na wanasema somo la getini lilitosha. Kuna mtu alilirekodi. Nimelitazama mara moja, nikazima pale ninapoinua kidole.

Bado naipenda hamira. Bado naiotesha, kwenye chupa ya plastiki yenye pamba, dirishani, na chumba kizima kinajua ni nini na inatoa nini (Otieno amenifungulia kwenye simu yake ili nimjulishe). Lakini nimeapa: sitafunga tena kitu kinachopumua kwa sababu tu naogopa kumwagika, na sitampa tena rafiki nusu ya jibu. Bashir tunakutana bado Ijumaa baada ya swala, kwa miguu. Alinisamehe, ila si bure. Kila tukikutana, kabla ya salamu, anagusa mkoba wangu kwa kidole kimoja na kusema, "Fungua."

Nami nafungua, namwonyesha kila kitu, mpaka chini.